Kimpira cha kunyonya kamasi kinachofunguka: hiki ndicho nakitaka!

Jambo sana bamama na batata, karibuni tena! Huu mwezi wa saba Lubumbashi, baridi ya asubuhi na vumbi jekundu haviachi pua ya mtoto, na maswali yenu yamenijaa kwenye simu. Basi leo ni kimpira cha kunyonya kamasi. Umbo lake mnalijua, kifuko cha mpira chenye ncha ya kuingia puani, sikawii hapo.

Kwanza hiki cha kawaida, cha kipande kimoja. Jirani alikuwa anakitupa, nikamwomba. Nakikata kwa wembe... oneni! Weusi wote huu ni ukungu. Nje kinang'aa, ndani ndiyo hivi, na ncha hii inaingia puani mwa mtoto mchanga! Kinaniudhi sana. Hata ukikiosha kila siku, maji yanabaki humo na huoni kitu.

Sasa hiki. Shika hapa katikati, zungusha... kimefunguka. Vipande viwili, unaona hadi upande wa pili. Naingiza kidole mpaka chini kabisa, sabuni na maji ya moto, nasuuza, naviacha wazi vikauke. Ngoja nirudie polepole kwa waliochelewa: zungusha, fungua, sugua hapa kwenye shingo kamasi inapoganda, kausha. Kwa hili peke yake nakinunua tena.

Kukitumia, tazameni kwa huyu mdoli. Kamasi kavu hainyonyeki, kwa hiyo anza na serumu ya chumvi ya 0.9%, ile ya vichupa vidogo vya farmasi. Mlaze chali, matone mawili matatu kila tundu, subiri kama dakika moja. Bonyeza kimpira kikiwa bado NJE, weka ncha mlangoni tu mwa pua, achia polepole. Ukibonyezea puani, unaipuliza kamasi irudi ndani. Fanya kabla ya kunyonyesha, maana mtoto mchanga anategemea sana pua kupumua. Ikiziba anaachia ziwa kila mara, analia. Mara tatu nne kwa siku zinatosha, ukizidisha pua inavimba ndani.

Cha mrija, kile cha kuvuta kwa mdomo? Kina kichujio, kamasi haikufikii, na kwa kamasi nzito naanza kukikubali. Ila vichujio vikiisha, kuvipata ni taabu. Cha kuchaji sikitaki: kelele, na umeme wetu mnaujua.

Jamani, dawa ya kuchua yenye mentoli au kafuri msimpakae mtoto wa chini ya miaka miwili. Mafuta puani, hapana. Dawa ya pua ya mkubwa, hapana. Na mbabula, jiko la makaa, itoke chumbani! Moshi wa makala unawasha pua, na mlango ukifungwa usiku gesi yake inaua.

Mtoto wa chini ya miezi miwili akihema mara 60 au zaidi kwa dakika, au mtoto yeyote mbavu zikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, au mchanga akipata homa, weka kimpira chini, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Bei: hiki nimelipa faranga 9 000 mjini, kile cha kipande kimoja sokoni waliniambia 3 000. Mimi hiyo tofauti nailipa. Jumapili tunakuwa moja kwa moja juu ya vipimajoto, leteni vyenu tuvijaribu pamoja.