Viareggio: tulifuata bahari, tukakwama mbele ya picha

Mimi mtu wa Tanga, kulipia ufukwe hakujaniingia akilini mpaka leo. Viareggio, mji wa pwani ya Toscana, Italia, sehemu kubwa ya mchanga imeshikwa na wenye miavuli. Nilitoa euro 30 kwa mwavuli mmoja na vitanda viwili, safu ya nyuma kabisa, na nilipofungua mfuko wa biskuti nikaambiwa chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Sitawataja. Mke wangu alicheka hadi akajifunika kanga usoni.

Ukitaka bahari ya bure, shika njia ya kusini upitie msitu wa misonobari hadi ufukwe wa Lecciona. Kuna mchanga, upepo na vichaka tu, lakini utapumua.

Biashara ya kuoga baharini hapa ni ya tangu 1828, na walianza na majengo mawili: Nereo la wanaume, Dori la wanawake. Bibi yangu angewaunga mkono. Barabara ya ufukweni ilikuwa na vibanda vya mbao vilivyoteketea kwa moto mwaka 1917, ndipo wakajenga upya kwa mapambo ya kifahari. Simama chini ya makuba mawili ya mkahawa wa Gran Caffè Margherita utazame vigae vya rangi vya msanii Galileo Chini. Kahawa si lazima.

Sasa kilichonifanya niandike. Jumba la sanaa, GAMC, liko Piazza Mazzini. Mara ya kwanza nilifika saa nne asubuhi nikakuta halijafunguliwa. Kosa langu, sikuangalia ratiba. Jioni tukarudi. Lina jina la mchoraji Lorenzo Viani, aliyezaliwa mji huuhuu mwaka 1882, akaanza maisha kama kijana wa kinyozi, halafu akawachora watu ambao watalii wa miavuli hawawaoni: mabaharia, wajane, mafukara.

Kuna picha yake kubwa ya baraka kwa waliokufa baharini. Ni umati mzima, wanawake na wazee, michoro mizito myeusi kama iliyochorwa kwa mkaa. Nilivyokuwa mbali niliona huzuni tu. Nilipokaribia nikaanza kumwona mmoja mmoja: midomo iliyofumbwa, macho yaliyokodolewa, mikono mikubwa ya watu wa kazi. Babu mzaa mama alikuwa mvuvi wa ngalawa, na bibi alikuwa na tabia ya kusimama pwani jioni akihesabu matanga yanayorudi, hazungumzi na mtu mpaka aone lake. Mke wangu, aliyemjua bibi kwa hadithi zangu tu, akanionyesha mwanamke mmoja pichani kwa kidevu: "Yule pale, si ndiye?"

Tulikaa pale nusu saa nzima. Vyumba vingine tulivipita haraka, sisemi uongo.

Tulipotoka tulinunua cecina, kama chapati nene ya unga wa dengu iliyookwa, tamu ikiwa ya moto na pilipili manga. Tuliila kando ya mfereji wa Burlamacca, penye mashua za wavuvi, na hapo hakuna aliyetukataza.

Kwa treni kutoka Firenze ni kama saa moja na nusu. Naupa mji nyota nne. Ya tano amekwenda nayo yule wa miavuli.