Zulia la Yuntdağ: rangi za mimea na malipo ya haki

Zulia ninalolitathmini hapa lilifumwa kwa mkono katika vijiji vya Yuntdağ, mkoani Manisa, magharibi mwa Uturuki, chini ya DOBAG, mradi wa kufufua rangi za mimea ulioanza mwaka 1981. Limetandikwa sebuleni kwangu kwa miaka kadhaa, mahali panapopigwa na jua la alasiri, kwa hiyo ninayoyasema yametokana na matumizi.

Sifa yake kubwa ni rangi. Wekundu unatokana na mizizi ya mmea ambao Waturuki huuita kökboya, buluu ni nili, na manjano hupatikana kwa kuchemsha mimea ya porini. Ujuzi huo ulikuwa umekaribia kupotea, kwani baada ya mkemia Mwingereza William Perkin kugundua rangi ya zambarau ya maabara mwaka 1856, rangi za viwandani zilienea hadi vijijini, zikiwa rahisi kutumia ingawa nyingi zilichujuka upesi. Harald Böhmer, mwalimu wa kemia kutoka Ujerumani aliyefundisha Istanbul, alipima sufu za mazulia ya kale, akabaini mimea iliyotumiwa na wahenga, na kupitia DOBAG maarifa hayo yakarudishwa kwa wanavijiji wenyewe. Wekundu wa zulia langu haulingani kila mahali, kwa sababu sufu iliyosokotwa kwa mkono hainywi rangi kwa kiwango kimoja. Aliyezoea mazulia ya mashine huenda akaiona kasoro, lakini kwangu ndiyo inayolifanya lisichoshe macho. Jua halijalififisha.

Rangi hizo ndizo zinazobeba malipo ya haki. Zulia la rangi hafifu hushindana na la mashine kwa bei, na katika shindano hilo mfumaji hawezi kushinda; zulia la aina hii lina ubora ambao mashine haina, na mnunuzi anao msingi wa kulipa zaidi. Wanachama wa ushirika wa Yuntdağ ni wafumaji wenyewe, wanawake wanaofuma majumbani mwao kwa nakshi za kwao, na ambao hulipwa zulia linapomalizika, pasipo kungoja mteja wa mbali apatikane. Anayewafahamu wasukaji wa mikeka wa pwani yetu, ambao mara nyingi bei yao hupangwa na mchuuzi aliyefika mlangoni siku ambayo nyumba haina unga, ataelewa uzito wa utaratibu huo. Ningependa sana kuuona Pemba.

Kuhusu upungufu, kingo za zulia hili hazikunyooka kabisa, na sufu yake ilikuwa ngumu kidogo mpaka ilipozoea nyayo. Katika hewa yenye unyevu lataka kuanikwa mara kwa mara ili nondo wasilile. Bei yake ni kubwa mno kwa mtu anayetafuta tu kitu cha kufunika sakafu, na huyo simshauri alinunue. Anayetaka zulia la kurithisha na alinunue bila wasiwasi, ila kabla ya kulipa aligeuze, atazame mafundo upande wa nyuma, na adai cheti kinachotaja jina la mfumaji na kijiji chake, kwa sababu mazulia ya kuiga ni mengi sokoni.