Kiwavi usiyemjua: ili umtambue, umpige picha au umfuge kwenye chupa hadi akomae?
Kwa haraka, simu inashinda. Programu ya simu iitwayo Nuru hukagua mahindi hata bila intaneti, na picha safi ya kiwavijeshi vamizi, mharibifu wa mahindi, huonyesha Y iliyopinduka usoni na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Ila simujanja ni ghali, na kiwavi mchanga wa mlimao hufanana na kinyesi cha ndege, akikua hugeuka kijani. Picha moja itakupoteza.

Chupa ni bure: udongo kidogo, kitambaa mdomoni, majani mabichi ya mmea uleule kila siku. Usumbufu upo, na pengine hutoka nyigu aliyemla kiwavi kwa ndani, badala ya kipepeo!

Mahindi yakiliwa, usisubiri chupa. Mlimao mkubwa hauna haraka.