Motohomu ya dizeli ya mtumba: moja nimeikataa, moja nimeichukua, na sababu zote ziko chini ya gari

Habari zenu wakuu. Tangu niweke picha ya lile gari watu wananiuliza bei tu, bei ngapi, bei ngapi, ila hakuna anayeuliza injini iko hali gani wakati hapo ndo pesa ilipo. Kwaiyo naandika rivyu yangu kamili kwa wale mlio huku Marekani mnaofikiria kununua motohomu (gari-nyumba) ya dizeli iliyotumika. Mi ni dereva wa semi, yale malori ya tela, hapa Texas mwaka wa 11 sasa, na kabla ya hapo nilikuwa nakula lami ya Dar–Tunduma, kwaiyo breki za upepo na injini za dizeli sijaanza kuzijua jana.

Kosa kubwa ninaloona ni watu kuanzia ndani. Wanaingia wanaona kochi la ngozi, jiko, kitanda, tivii tatu, wanaishiwa nguvu hapohapo. Mke wangu nilimwambia kabisa mama, ndani utaingia mwisho, tuanze huku nyuma na chini. Jiko likifa unanunua lingine, injini ikifa unaongelea maelfu ya dola na gari limelala gereji miezi.

Ya kwanza tuliyoenda kuiona ilikuwa ya 2004, futi 38, iko kwenye yadi moja. Bei dola elfu 41, odomita inasoma maili 21,000 tu. Muuzaji anaisifia hiyo namba kama ndo cheti, eti kama mpya. Mi hiyo namba ndo ilinitia wasiwasi. Gari la miaka 20 limetembea maili elfu 21 maana yake limesimama, na dizeli inaumizwa na kusimama kuliko na barabara. Sili zinakauka, maji yanajikusanya kwenye tenki la mafuta, matairi yanaiva kwa jua, airbegi za chini (mifuko ya upepo inayobeba gari badala ya springi) zinapasuka. Maili nyingi zenye risiti za sevisi nazipenda kuliko maili chache zisizo na karatasi hata moja.

Nilikuwa nimempigia simu siku moja kabla nikamwomba asiiwashe mpaka nifike. Nimefika naweka mkono kwenye bloku ya injini, ya moto. Dizeli ikishapashwa hujui tena ikiwa baridi inawakaje, inapiga stati sekunde ngapi, inatoa moshi mweupe kwa muda gani, inatetemeka au la, na hivyo vyote ndo vinakupa habari za nozo na kompresheni. Sikugombana naye, nikasema sawa, tuendelee.

Nikaenda nyuma na tochi. Kwenye hizi gari injini iko nyuma, na nyingi za zamani rejeta nayo iko nyuma kabisa, intakula (ile ya kupoza hewa inayoingia kwenye injini) imebanana nayo. Sasa injini ina bomba lake la kupumulia, linatoa mvuke wa oili kidogokidogo, feni inaunyonya ule mvuke pamoja na vumbi la barabara na kuubandika kwenye intakula upande wa ndani, ule ambao hauonekani ukisimama nje. Inabidi ulale chini au ufungue kifuniko cha injini kilicho chumbani chini ya kitanda, umulike kwa juu. Nilichoona pale ni tope jeusi limeganda kama masizi ya jiko la kuni, hewa haipiti. Gari kama hilo kwenye tambarare halina shida, likikutana na mlima mrefu mchana wa Julai mshale wa joto unapanda mpaka alamu inalia. Kuosha kwa sabuni ya kukata mafuta kunasaidia, watu wengi pia wanarefusha lile bomba lipumulie mbali na feni, lakini likishaganda miaka mingi hivyo unajiuliza injini ilishachemshwa mara ngapi.

Kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, nikachovya karatasi ya kupimia, zinauzwa kwenye maduka ya spea za malori. Rangi ilikuwa kahawia na dawa imeisha kabisa. Hili naomba mnielewe maana wengi wanalipita. Injini kubwa kama Cummins ISC ya lita 8.3 na ISL ya lita 8.9 zina silivu (mabomba ya chuma ambamo pistoni zinapanda na kushuka) zinazoguswa na maji moja kwa moja. Silivu ikitetemeka pistoni inapofanya kazi, mapovu madogo yanatokea kwenye maji na kupasuka juu ya chuma, yanakitoboa taratibu, na kinachozuia ni ile dawa ya kwenye kulanti. Dawa ikiisha na mtu akaendelea kuendesha, tundu linafika ndani, maji yanaingia kwenye oili, unaanza kuongelea ovaholi. ISB ya lita 5.9 haina silivu za hivyo, ila nayo ina mambo yake, zile za mwishoni mwa miaka ya 90 mulika ubavuni mwa bloku, ukikuta namba 53 imetokeza kwenye chuma jua hizo bloku zinajulikana kwa ukuta mwembamba unaopasuka na kuvuja kulanti. Haina maana kila 53 imepasuka, ila angalia kwa makini sana na bei iongee.

Chini ndo nilichoka. Karatasi zinaonyesha gari lilikaa Michigan miaka mingi, na huko baridi ikija barabara zinamwagiwa chumvi. Sisi wa pwani tunajua gari za Tanga zinavyoliwa, basi chumvi ya huko ni zaidi. Krosi memba za chasi, vile vyuma vilivyokingama, kutu inabanduka kama magome ya mwarobaini, mabomba ya upepo viungo vyake vimevimba. Nilikuwa na nyundo ndogo, nikagonga taratibu, chuma kizima kinalia, kile kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Kutu ya juujuu ya rangi ya chungwa isikutishe, hiyo unapiga brashi na rangi, tatizo ni ile ya matabaka.

Breki nikazipima kama tunavyopima malori. Jaza upepo mpaka gavana (kifaa kinachosimamisha kujaza) ikate kwenye psi 120 hivi, psi ni kipimo cha nguvu ya upepo, ziba matairi kwa mawe, zima injini, achia breki ya mkono, hesabu dakika moja, upepo usipungue zaidi ya psi 2. Halafu kanyaga pedali ushikilie dakika moja, usipungue zaidi ya 3. Lile lilipoteza 9 nikiwa nimekanyaga! Nikamwangalia muuzaji naye anaangalia simu. Matairi yanang'aa, kashata zima, nikainama kusoma namba nne za DOT zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini, 0911, wiki ya 9 ya mwaka 2011. Matairi ya mbele ya miaka hiyo likipasuka moja kwenye mwendo wa maili 65 kwa saa na familia iko ndani, usukani unaupigania kwa maombi. Nikashukuru, tukaondoka. Mke wangu hakuliona jiko la ndani hata siku moja na hajalalamika.

Sasa hii niliyochukua. Ya 2006, futi 39, injini Cummins ISL 400, gia boksi Allison 3000 ya gia sita, chasi ya Freightliner, rejeta iko ubavuni na siyo nyuma, hiyo peke yake ilinifurahisha sana. Maili 74,000. Mwenyewe ni mzee mmoja mstaafu na bibi yake, wametembea nayo kila mwaka, na yule mzee alinitolea faili nene lina risiti tangu 2008, kila oili, kila filta, kulanti ilibadilishwa lini na nani. Nilikaa na lile faili saa nzima mezani kwao nikinywa kahawa.

Injini niliikuta baridi kabisa. Nikapiga stati, ikashika sekunde ya pili, moshi mweupe kidogo ukapotea kabla dakika haijaisha. Ikishapata moto nikafungua mfuniko wa oili nikaugeuza juu ya tundu lake, ukatulia palepale, haukurushwa, maana yake ringi bado zinabana. Moshi wa bluu hamna. Mweusi ulitoka kidogo nilipokanyaga mlimani, nao ukakata.

Bado sikuiamini roho yangu, nikamlipa fundi wa kujitegemea wa dizeli dola 450 aje na kompyuta yake. Huyu jamaa nyota 5 bila kupunguza. Alitoa masaa ya injini, 1,780, ukigawanya na maili unapata wastani wa maili 41 na kitu kwa saa, maana yake ni gari lililotembea kweli barabara kuu, halikuunguruma tu limesimama, na odomita haijaguswa. Alichukua sampuli ya oili ya injini na ya gia boksi pamoja na kulanti, tukatuma maabara, haikufika dola 40 kwa kila moja. Majibu yanakuja na namba za chuma, shaba, risasi, vumbi, na sodiamu ambayo ndo inakuonyesha kama kulanti inaingia kwenye oili. Zote zilikuwa safi. Muuzaji akikukatalia kuchukua sampuli mwambie asante ugeuze gari.

Allison ina kitu kizuri ambacho wengi hawajui. Gari likiwa sawasawa, la moto, kwenye nyutro, unabonyeza mshale wa juu na wa chini kwa pamoja, inahesabu yenyewe halafu inakuambia oili ipo sawa au imepungua kiasi gani, ukibonyeza tena inakuonyesha namba za hitilafu. Yangu iliandika oK.

Mapungufu yapo, siwezi kuwaficha. Matairi yote sita yalikuwa ya 2014 na nimebadilisha kabla hata sijalifikisha nyumbani, zaidi ya dola 3,500 zimeondoka hapo, nilikuwa nimeshazikata kwenye bei mzee akakubali tukamalizia 58,000. Drayeri, ile ya kukausha upepo wa breki, katriji yake ilikuwa ya zamani, nilipofungua vali za matenki ya upepo yalitoka maji kiasi, ila hayakuwa na oili, ingekuwa oili ningeishuku kompresa. Airbegi mbili za mbele zina nyufa nyembamba kwenye raba. Na gari limevuka uzito wa ratili 26,000, kwaiyo kwa hapa Texas unahitaji leseni ya klasi B hata kama siyo ya biashara, mi ninayo ya malori haikunisumbua, lakini mke wangu hawezi kunipokea usukani mpaka aende kufanya mtihani.

Kitu nilichokipenda zaidi ni kwamba injini ya kabla ya 2007 haina ile DPF, chujio la moshi linalonasa masizi na kuyachoma. Kazini semi yangu inayo na najua inavyosumbua gari likitembea safari fupifupi. Kwa mtu anayesafiri mara nne kwa mwaka, hii ya zamani ni rahisi kuishi nayo.

Jamaa yangu mmoja wa Mombasa tunayeendesha naye alinishauri niipitishe mzani wa CAT Scale kituo cha malori kabla ya kulipa, ekseli kwa ekseli, tukaona mbele na nyuma bado kuna nafasi ya mizigo na watoto wanne. Mzee alishangaa, anasema miaka yote hajawahi kuipima.

Mwezi uliopita tumekwenda nayo Colorado kupitia Amarillo, tukapanda Raton Pass ambayo ni zaidi ya futi 7,800, nimevuta kagari kadogo nyuma. Mshale wa joto uligusa 200 na kitu ukakaa hapohapo mpaka juu, kushuka nikaachia breki ya injini ifanye kazi, pedali niliigusa mara mbili tu. Watoto walikuwa wamelala. Naipa nyota 4 kati ya 5, ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile airbegi, spea nimeshaagiza, nafunga kabla ya safari ya Desemba.