Spika ya ufukweni: kabla hujauliza wati, angalia tundu la chaji

Desemba iliyopita tulivunja kikoba chetu Kigamboni. Wanawake ishirini na nane, watoto wasiohesabika, masufuria mawili ya pilau, na spika moja niliyoinunua Kariakoo wiki ile ile kwa shilingi 240,000. Zilikuwa siku za bamvua, lakini nani anafikiria bamvua akiwa na sahani mkononi? Saa kumi jioni maji yakajaa haraka, yakaifuata spika pale mkekani, ikabebwa. Mtoto wa mwenzetu akaikimbilia, akaitoa inachuruzika na bado inaimba. Tukapiga vigelegele. Muuzaji alisema haiingii maji, na kweli maji hayakuingia. Ilipiga mpaka tunapanda pantoni kurudi mjini.

Usiku nikaifuta kwa kanga, nikaichomeka kwenye chaji, nikalala. Alfajiri chumba kizima kinanuka plastiki iliyoungua. Tundu la chaji limekuwa jeusi, pembeni limeota ukoga wa kijani, na kichwa cha waya kimeganda humo humo. Nikaibeba hadi dukani. Kijana akaigeuza mara moja, akanirudishia: "Dada, waranti ilikuwa ya kutesti hapa hapa." Juu ya kichwa chake kuna karatasi imebandikwa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo mwongozo huu hautaanza na besi. Mengine mtayakuta kila mahali: blutuuthi inafika mita ngapi, rangi zipo ngapi, taa zinacheza vipi. Mimi nataka tuzungumzie lile tundu.

Kwenye boksi utaona IPX7 au IP67. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na mchanga, ya pili ni ya maji. Saba maana yake kifaa kilizamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30 kikatoka salama. X haimaanishi kimefeli, inamaanisha vumbi halikupimwa, jambo ambalo kwa mtu wa ufukweni si dogo. Sasa sikiliza ambacho boksi halisemi. Maji ya kipimo ni maji baridi, ya bomba. Hayana chumvi, wala soda, wala mchuzi wa pilau. Na kifaa kinapozamishwa hakiwi kwenye umeme.

Spika nyingi za siku hizi zimeondolewa kile kifuniko cha mpira cha kuziba sehemu ya kuchajia. Badala yake tundu limezibwa kwa nyuma, upande wa ndani. Maji yanaingia kwenye tundu, yanasimama hapo, hayafiki kwenye mashine. Kwa kipimo, umefaulu. Lakini maji ya bahari yanapitisha umeme vizuri, na vile vyuma vidogo vya chaji vimekaa karibu karibu kama meno ya kitana. Ukichomeka waya kukiwa na tone la maji chumvi, umeme unakatiza mle ndani ya tone kutoka chuma hadi chuma. Chuma kinaliwa, ukoga wa kijani unaota, joto linapanda. Na hata likikauka, chumvi inabaki, inasubiri unyevu wa Dar es Salaam, ambao haukosi.

Dawa yake inashangaza watu: spika ya IPX7 ikiingia baharini, ioshe. Ndiyo, kwa maji ya bomba, uchumvi wote utoke, hasa kwenye tundu. Kisha iweke tundu likitazama chini, kivulini, usiku mzima na mchana wake, ndipo uchaji. Mie ningejua hili, ningekuwa na spika yangu leo.

Nikiingia dukani sasa hivi sisemi "ipige nisikie". Naigeuza mgongo. Kama kuna kifuniko, nakifungua na kukifunga mara kumi mbele ya muuzaji, akasirike asikasirike. Kiwe mpira mzito, kiwe na ukingo unaozama ndani ya tundu, si kipande kilicholala juu tu. Mkia wake ushikwe ndani ya mwili wa spika, kwa sababu mkia ukikatika umebaki na spika ya sebuleni. Za feki utazijua hapo hapo: kifuniko chembamba, hakirudi chenyewe, kinataka kusukumwa kwa ukucha.

Nikizipanga kwa macho hayo, ya kwanza kwangu ni Soundcore Motion Boom ya Anker, na sioni haya kusema nina upendeleo. Hawajanilipa hata vocha. Ni IPX7, wati 30, inatajwa kukaa saa 24 kwa chaji moja, ina mpini wa kubebea kama kikapu cha sokoni, na ikidondoka majini inaelea. Lakini nilichokipendea ni mgongoni: matundu yote yamejificha chini ya ubamba mmoja wa mpira mnene ambao unatumia nguvu kuufungua. Ya dada yangu imekuwa Bagamoyo, Mbutu, na uani kwetu masika yote, na tundu lake linang'aa. Kwa watu thelathini inatosha. Wakizidi, ongeza ya pili uziunganishe, au chukua Motion Boom Plus, ambayo ni wati 80 na ni IP67, yaani mchanga nao umepimwa. Wanaosema besi yake si nzito kama ya JBL wanasema kweli, na sijali.

Ya pili, na hapa ndipo nilipoangukia mwenyewe, ni kutengenezewa. Baada ya kuunguza ile ya kwanza nilikuwa na hasira na nilikuwa na boksi la barafu la plastiki lililopasuka mfuniko. Fundi mmoja wa Mbagala akaniambia, "Mama, hilo ndilo boksi la spika." Alikuwa sahihi. Plastiki nene, haiozi, ina vishikio, imejazwa povu ndani. Ila ukimwachia fundi kila kitu atakuletea sabufa ya daladala iliyofungwa kwenye ndoo, kwa hiyo nenda ukijua unachotaka.

Spika zenyewe ziwe za koni ya plastiki, zile zinazouzwa kwa ajili ya boti. Koni ya karatasi ikilowa mara mbili inakuwa kama chapati ya jana. Bolti za stenlesi, si za kawaida. Waya uwe ule wa shaba iliyopakwa bati, kwa sababu shaba tupu karibu na bahari inakuwa nyeusi ndani ya ganda lake na huioni mpaka sauti ianze kukatika.

Kwenye amplifaya, ile bodi ya kukuza sauti, ndipo mtakapodanganywa zaidi. Bodi zinauzwa zimeandikwa wati 200, wati 500. Fanya hesabu ya darasani: bodi inayotumia volti 12 moja kwa moja, kwa spika ya omu 4, haiwezi kutoa zaidi ya wati 18 hivi kwa kila upande kabla sauti haijaanza kukwaruza. Volti zidisha kwa volti, gawa kwa mara mbili ya omu. Ukitaka zaidi lazima volti zipande, na zikipanda mara mbili nguvu inapanda mara nne, mradi bodi yenyewe inaruhusu na ndani yake kuna kifaa cha kupandisha. Fundi akikwambia betri ya pikipiki na bodi ya elfu kumi na tano zitatoa wati 500, msikilize kwa heshima, usimpe hela.

Na wala usilie na wati. Nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Kila umbali ukiongezeka maradufu sauti inashuka desibeli 6, wakati kuongeza wati maradufu kunakupa desibeli 3 tu. Ukiegemeza boksi kwenye ukuta wa banda unapata zaidi kuliko ukinunua bodi mpya. Sisi tuliwahi kuiweka katikati ya watu kama maiti, halafu tukalalamika haisikiki.

Betri: ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayokaa kwenye UPS za ofisini za kushika kompyuta umeme ukikatika, ni rahisi kuipata. Ukiihesabu ni wati-saa 84, lakini ukiimaliza kila mara hadi mwisho inakufa mapema, kwa hiyo tumia nusu. Mimi nilijibana nikanunua ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, ya volti 12.8 na ampea-saa 20. Hiyo ni kama wati-saa 256 na naibeba kwa mkono mmoja. Kuna sababu nyingine ambayo mafundi hawaisemi: betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na wewe umetengeneza boksi lisilopitisha hata pumzi. Cheche moja tu ndani humo inatosha. Kama ni asidi, itoe nje kila unapochaji.

Na tundu? Hapo nilimsumbua fundi hadi akaacha kuniita mama akaanza kuniita bosi. Yeye alitaka kutoboa nyuma, aweke tundu la kawaida, azibe kwa silikoni. Nikakataa. Nikaenda Feri, kwa wale wanaotengeneza mashine za boti, nikapata soketi yenye kifuniko cha kuzungusha, ina pete ya mpira ndani. Tukaiweka ubavuni, chini ya mdomo wa mfuniko, ikitazama chini. Maji yakipita yanatiririka, hayasimami. Ile soketi ni kitu kidogo kuliko vyote kwenye lile boksi, na ndiyo naionyesha wageni.

Gharama? Kila kitu kilinifikia 410,000 pamoja na ufundi na soda za fundi. Ningenunua Motion Boom nikabaki na chenji, ndiyo maana nimeiweka ya pili.

Ya tatu ni Sony SRS-XB33. Ni ya mwaka 2020, IP67, na ina kifuniko cha maana mgongoni. Ni ya kikundi kidogo. Nyingi ninazokutana nazo ni zilizotumika, hivyo kagua mkia wa kile kifuniko kabla ya kitu kingine chochote.

Ya nne, JBL Charge 5, na najua nitagombana na watu. Sauti yake tamu, IP67, saa 20. Lakini tundu lake la taipu-si liko wazi kabisa. Kampuni yenyewe inakuonya usiichaji ikiwa imelowa, na ni onyo la haki, ila mimi nina watoto nyumbani na chaji inachomekwa na yeyote aliyepita. Kama wewe ni mtu wa nidhamu, ichukue, utafurahi. Halafu ndiyo jina linaloigizwa sana mitaani, hata unaweza kukuta feki yenye boksi zuri kuliko la orijino.

PartyBox 110 ya hao hao JBL ni habari nyingine: wati 160, harusi nzima inacheza. Ni IPX4 lakini, maana yake matone na kurushiwa maji, basi. Ina uzito wa kama kilo 11. Iweke chini ya hema, mbali na wimbi, usiipeleke pale mkeka wetu ulipokuwa.

Za elfu thelathini na arobaini zilizoandikwa "wotapruf" bila namba yoyote ya IP: nunua kama unataka redio ya jikoni.

Sasa bei, maana bei ndiyo imenifanya niandike haya usiku. Hakuna duka Kariakoo ninaloweza kukwambia bei yake, kwa sababu sijawahi kufika dukani kununua peke yangu. Unashuka tu Msimbazi, winga, yule dalali wa barabarani, amekushika mkono. "Anti, unatafuta nini, njoo kwangu." Kwake hakuna duka. Anakupeleka kwa mtu, anakonyeza, na cha juu kimeshawekwa kabla hujakaa kwenye stuli. Spika moja, siku moja, niliambiwa 320,000, 290,000 na 380,000, na hiyo ya mwisho ilikuwa kwenye duka lile lile la 290,000, ila nilikuwa nimeingia na winga mwingine.

Kisha linakuja swali: "Unataka na risiti au bila risiti?" Kana kwamba VAT ya asilimia 18 ni kachumbari, unaweza kusema usiniwekee. Mara ya kwanza nilisema bila, nikaokoa kama elfu thelathini, na spika ilipoungua sikuwa na karatasi hata ya kumwonyesha mtu wa Tume ya Ushindani. Mara hii nilisema na risiti. Kijana akaingia ndani, akakaa dakika ishirini, akarudi akaniambia mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, haina mtandao, nipite kesho.

Nimepita mara tatu. Jana nilimkuta anauza stuli.