MR-S au Soarer? Uzoefu wangu wa injini ya katikati na injini ya mbele, Nakuru hadi Kisumu

Ninaishi Nakuru, kazi inanipeleka Kisumu mara kwa mara, na kwa miaka kadhaa safari hizo nimezifanya kwa Toyota MR-S. Juzi binamu yangu wa Kisumu alitaka kuniuzia Toyota Soarer yake, ile yenye paa gumu linalojikunja na kuingia kwenye buti. Akanikabidhi funguo nikae nayo kwanza, nikiipenda tuongee. Bei aliyotaja haikuwa mbali na ile ambayo ningepata nikiuza langu, kwa hiyo swali lilibaki moja tu: gari dogo lenye injini katikati, au gari kubwa la starehe lenye injini mbele?

Wengi wataniuliza kwa nini nahangaika na magari ya zamani hivi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. MR-S ilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2007. Soarer ya umbo hili ilianza 2001, na 2005 jina la Soarer likaachwa, gari likaendelea kama Lexus SC430. Hakuna mtu atakayekuletea nyingine kutoka Japani. Zilizopo ni zile chache zilizoingia zamani, nazo huzunguka mikononi mwa watu wanaojuana. Ukitaka za kisasa zaidi, Porsche Cayman kwa upande mmoja na Lexus LC kwa upande wa pili, hesabu ya ushuru wa KRA peke yake itakukosesha usingizi.

Nianze na langu. Injini ya MR-S ni ya lita 1.8, nguvu za farasi 140, na imelazwa nyuma ya viti, mbele ya ekseli ya nyuma. Gari zima lina uzito wa takriban tani moja. Kwenye karatasi farasi 140 si kitu, matatu za Nakuru zinakupita ukizubaa. Raha yake iko kwenye kona. Aliyebeba maji kwa mzegazega, ndoo moja mbele na nyingine nyuma, hugeuka polepole na kwa kuyumba. Aliyeukumbatia mtungi kifuani anageuka papo hapo. MR-S imekumbatia mtungi. Ukigusa usukani, pua inafuata mkono kabla hujamaliza kuwaza. Ile barabara ya kutoka Mau Summit kwenda Kericho, kona moja ikiingia ndani ya nyingine na majani chai pande zote mbili, sijaona gari linaloifurahia zaidi ya hili.

Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Uzito mwingi uko nyuma, na ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinapoteza mshiko, na mkia unataka kukupita. Kwenye lami kavu unausikia mapema na unaurudisha. Kericho, ambako mvua ya alasiri ni kama ratiba, lami imelowa na kuna tope lililoachwa na matrekta ya kubebea majani chai, onyo hilo ni fupi sana. Namna ya kuendesha ni moja: punguza mwendo kabla ya kona, halafu kanyaga mafuta kidogo na kwa utulivu mpaka utoke. Mtu aliyezoea Probox, ambayo ukiachia mafuta inatulia yenyewe, anahitaji kujifunza upya. Mdogo wangu bado simpi funguo mvua ikinyesha.

Sasa Soarer. Chini ya boneti kuna V8 ya lita 4.3, nguvu za farasi 280, na gari lina uzito wa takriban tani moja na robo tatu. Ukikaa ndani, mbao na ngozi kila mahali, mlango ukifungwa kelele za nje zinakatika. Kutoka Nakuru unapanda Salgaa na Sachangwan, malori na matrela yamepangana kwa kilomita kadhaa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu huuza shamba kwa ajili ya V8. Nafasi ikitokea unakanyaga, gia inashuka yenyewe, na trela limebaki nyuma bila kelele wala jasho. Kwa MR-S nafasi hiyohiyo ningeiacha ipite.

Tena mlima wetu una hila yake. Injini isiyo na tabo, yaani turbo ya kuisukumia hewa, hupoteza kama asilimia kumi ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa imepungua. Nakuru yenyewe iko juu ya mita 1,800, na Mau Summit ni juu zaidi. Ukifika huko, karibu robo ya nguvu zilizoandikwa Japani imekwisha. Farasi wangu 140 wanakuwa kama 105. Wa Soarer wanabaki 210 hivi. Gari dogo linalia, kubwa halijui kama limepanda mlima. Ukishuka Awasi na Ahero kuingia Kisumu, joto linakupokea, lakini injini inapumua vizuri na MR-S inachangamka kama gari lingine.

Katika safari ndefu, hakuna ubishi. MR-S ina injini nyuma ya masikio yako na turubai juu ya kichwa chako. Simu huwezi kuongea ukiwa mwendo wa barabara kuu, na baada ya Kericho mgongo unajua umesafiri. Soarer nilishuka Milimani ya Kisumu nikaenda moja kwa moja kwenye mkutano.

Ajabu ni kwamba gari hili la safari halibebi safari. Mama nilimpeleka nyumbani kwa dada yake, akazunguka Soarer nzima akiwa na mfuko wake wa mahindi na ndizi, akaniuliza, "Hii gari mzigo unawekwa wapi, mwanangu?" Paa likiwa limefunguliwa linameza karibu buti lote, inabaki nafasi ya mkoba wa laptopu. Viti vya nyuma vipo kwa jina; mtu mzima haingizi miguu pale. Tulifunga paa, sekunde kama 25, ndipo mahindi yakapata makao. Kusema haki, MR-S ni mbaya zaidi: mbele unakuta tairi la akiba na nafasi finyu, na nyuma ya viti kuna visanduku viwili vya kuweka nguo za siku mbili. Ila MR-S haikuahidi chochote. Ukiiona unajua ni gari la watu wawili wasio na mizigo.

Mafuta nitayapitia haraka. Nakuru hadi Kisumu ni takriban kilomita 180. MR-S inanipa kama kilomita 12 kwa lita, kwa hiyo lita 15 zinanifikisha. Soarer ilikuwa ikinipa 7 hivi nikiwa mpole, yaani lita 26 au zaidi, kwenda tu. Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati, ikitangaza bei mpya ya mafuta, mwenye V8 anasikiliza kwa makini kuliko jirani zake.

Kilichoamua kesi yangu hakikuwa mafuta, ni gereji.

Injini ya MR-S inaitwa 1ZZ-FE. Ukiisikia hivyo unaweza kuogopa, ukadhani ni ya gari la mbio. Ni ileile iliyo kwenye Toyota Wish ya 1.8 na kwenye Premio na Allion za 1.8 za miaka ile. Hapa Nakuru, duka la spea lisilo na plagi, koili, pampu ya maji au gasketi za Wish litafungwa kesho. Fundi wangu alipoiona mara ya kwanza alicheka: "Mdosi, hii ni Wish imegeuzwa." Na ndivyo anavyoifanyia kazi. Anafungua kifuniko cha nyuma, plagi na koili anazifikia kutoka juu. Kazi ngumu zaidi, kama altaneta, anaingilia chini na kupitia upande wa gurudumu, anainua gari, anatoa gurudumu, mkono unapita pembeni huku uso wake ukiwa umebanwa kwenye bampa. Anatoza zaidi kwa hilo na simlaumu. Mnyororo wa taimingi haubadilishwi kwa ratiba kama mkanda.

Sehemu moja tu inahitaji fundi anayeelewa. Radieta iko mbele, injini iko nyuma, kwa hiyo maji ya kupoza husafiri kwa mabomba marefu chini ya sakafu. Ukibadilisha maji bila kutoa hewa yote, hewa inakwama humo, na injini inachemka huku radieta ikionekana imejaa. Gereji moja mjini, ambayo sitaitaja, ilinijazia maji kama wanavyojaza gari la kawaida na kuniambia nimemaliziwa. Sindano ya joto ilianza kupanda kabla sijafika mbali. Fundi wangu alikaa nayo karibu mchana mzima, pua ya gari imeinuliwa, mfereji mdogo wa plastiki umechomekwa, akingoja mapovu yaishe.

Soarer ni habari nyingine. V8 yake, 3UZ-FE, ni injini imara sana, na wanaoijua wanaisifu kwa haki. Lakini inatumia mkanda wa taimingi, na ukifika kilomita 100,000 unapaswa kubadilishwa, pamoja na pampu ya maji na vikaza mkanda, maana umeshafungua huko. Injini hiyo ilikaa kwenye Celsior na Crown Majesta, saluni kubwa za Toyota, na hizo Nakuru unazihesabu kwa vidole. Kila nilichouliza bei, jibu lilikuwa lilelile: mpaka kiagizwe Nairobi, Kirinyaga Road, na kama hakipo huko kingojewe kutoka nje. Halafu kuna lile paa: mota, swichi na sensa nyingi zinazofanya kazi kwa zamu. Kwa gari lenye zaidi ya miaka ishirini, linaloegeshwa kwenye vumbi la Nakuru na mvua ya Kericho, ninajiuliza nani atalitengeneza likigoma wazi saa kumi jioni. Kuna pia bima: kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa magari ya umri huu, kwa hiyo hasara ni ya mfuko wako.

Kuna jamaa wa kahawa zetu za Jumamosi ambao wataniambia injini katikati ndiyo sayansi, na mbele ni ya wazee. Timu ya Cooper ya Uingereza walifanya hivyo, dereva wao Jack Brabham akachukua ubingwa wa Formula 1 mwaka 1959 injini ikiwa mgongoni mwake. Hata Corvette, gari la injini mbele tangu 1953, lilihamia katikati kwa toleo la 2020. Sawa. Lakini wakumbuke Safari Rally, enzi ikizunguka nchi nzima. Mwaka 1984 alishinda Björn Waldegård, 1985 Juha Kankkunen, 1986 Waldegård tena, wote kwa Toyota Celica Twincam Turbo yenye injini mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Lancia 037 na Peugeot 205 Turbo 16, zote zenye injini katikati na zilizotamba Ulaya, hazikuwahi kushinda Safari. Barabara zetu zilitaka gari linalovumilia na kutengenezeka haraka kando ya njia.

Kwa hoja hiyohiyo nimebaki na MR-S, ingawa injini yake iko katikati. Mahali injini ilipo panakupa tabia ya gari, na ya MR-S naipenda zaidi. Lakini tani moja dhidi ya tani moja na robo tatu, na spea za Wish dhidi ya spea za Celsior, hivyo ndivyo vinavyoamua kama utakuwa bado unaendesha baada ya miaka mitano. Kama ungekuwa unaishi Nairobi, una gari lingine la kazi, na unataka la kwenda Naivasha wikendi na mkeo bila kupiga kelele, ningekuambia uchukue Soarer ya binamu na usilalamike kuhusu mafuta. Nyota: MR-S nne kwa tano, moja nimeikata kwa kelele na mizigo. Soarer tatu na nusu; ingekuwa nne na nusu kama tungekuwa na fundi wake upande huu wa Bonde la Ufa.

Ukienda kuangalia MR-S, iwashe ikiwa baridi na umwache mtu akanyage mafuta huku wewe umesimama nyuma. Injini za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, na moshi wa buluu utakuambia yote. Chomoa kijiti cha oili uangalie kiwango kabla mwenyewe hajakiongeza. Kanyaga sakafu ukitafuta kutu, kagua yale mabomba ya maji. Halafu tazama tairi: kwa zile za miaka ya mwanzo, mbele ni 185/55R15, nyuma 205/50R15. Za nyuma zitakusumbua kidogo kuzipata Nakuru, na muuza tairi atakushawishi uweke saizi moja zote nne akupunguzie bei. Kataa. Upana ule wa nyuma ndio unaoshikilia mkia kwenye zile kona za Kericho.