Kadi ya premium ukiishi Lamu, yalipa kweli?

Niseme mapema mimi sina ugomvi na kadi za mkopo, ninayo na naitumia. Ninachopima hapa ni ile ya juu kabisa, hii ya Infinite ambayo benki wakupigia wenyewe, "madam umehitimu", sauti tamu, halafu yaja kwa bahasha nyeusi na namba ya mtu wako maalum wa kumpigia saa yoyote. Benki siitaji, masharti yao nyingi yafanana tu. Mimi nina vyumba vya wageni hapa Shela na safari zangu za nje ni Dubai, kuleta mashuka na taa. Jibu fupi: ukiwa Lamu haikusaidii na kitu, ukiwa nje yasaidia, ila wengi wetu nje hatuendi kiasi cha kuilipia.

Hebu fikiria pesa zangu zaenda wapi kwa wiki. Samaki, mboga, gesi inayovushwa kutoka Mokowe, mwenye punda wa kubeba mchanga na mawe, fundi, boti. Wote M-Pesa, hakuna hata mmoja ana mashine ya kadi. Nahodha mmoja nilimtolea kwa mzaha tu, akaigeuza huku na huku akaipima uzito kwa kiganja (ni ya chuma, hiyo ndiyo sifa yake) akanirudishia, "Dada, till yangu hiyo hapo ubavuni." Namba imepakwa rangi nyekundu kubwa kuliko jina la boti. Mahoteli yenye mashine yapo lakini wengine wakuongezea asilimia kadhaa ukilipa kwa kadi, na netiweki ikilala mashine nayo yalala. Malindi ni afadhali, supamaketi na mikahawa ya Wataliano waswaipu bila neno, lakini pale hata kadi ya kawaida ya akaunti yapita vilevile, hakuna anayeangalia rangi.

Sasa bei. Yangu ada ya mwaka ni 15,000, ushuru juu yake. Pointi wanipa moja kwa kila shilingi 100, na nikija kuzikomboa pointi moja ni senti 50. Haya piga hesabu: kurudisha ile 15,000 kwa pointi peke yake lazima nipitishe milioni 3 kwenye kadi. Milioni 3! Na mwezi wa 4 mpaka wa 6 mvua yanyesha, kusi yavuma, mahoteli kibao yamefunga na vyumba vyangu viko wazi. Ada haijui msimu, yakatwa tu. Alafu nikinunua kwa dola ama dirham wanikata asilimia 3 ya kubadilisha, yaani pointi zanipa nusu asilimia na huku wameshachukua tatu, hapo nani amemla mwenzake? (Na mashine ya Dubai ikikuuliza ulipe kwa shilingi ama dirham, chagua dirham, manake ukichagua shilingi wakupangia bei yao wenyewe ya kubadilisha na mara nyingi ni mbaya zaidi.) Kulipia vitu vidogo mtandaoni, matangazo na kadhalika, tangu 2022 iko GlobalPay ya M-Pesa, namba ya Visa ndani ya simu, hiyo yatosha kabisa.

Launji, vile vyumba vya kupumzikia uwanja wa ndege, ndio wanayokuuzia sana. Manda hapa, uwanja wetu wa ndege, wakaa kwenye benchi na mzigo wako kama watu wengine wote, kwa hivyo usiihesabu safari ya Nairobi. Raha yake waiona JKIA Nairobi upande wa ndege za nje, ama ukikwama Doha usiku wa manane. Hapo siwezi kusema uongo, ni raha, waoga, wala, walala kwenye kiti cha maana. Lakini tupime: Priority Pass (uanachama wa kuingia launji) ya kujilipia ile ya chini ni dola 99 kwa mwaka na dola 35 kila ukiingia, kwa hivyo tuseme kuingia mara moja ni kama 4,500 za kwetu. Ukiingia mara nne kwa mwaka kadi imejilipia. Ukiingia mara moja umenunua chai na sambusa ghali mno. Na angalia idadi ya bure uliyopewa, na kama mgeni wako ahesabiwa, manake wengine waingia na mama na watoto wakicheka halafu stetimenti yaja.

Mimi kilichonifaa si launji, ni dipoziti. Hoteli ya Deira, kule Dubai, yataka kuzuia pesa mpaka uondoke, na kwa kadi ya akaunti wazuia pesa zako halisi, zile za kununulia mali, na zaweza kukaa siku nyingi baada ya kurudi nyumbani bila kuachiliwa. Kwa kadi ya mkopo wazuia limiti, pesa yangu iko huru naenda sokoni. Hili ni kubwa kwa mfanyabiashara mdogo. Ila, na hapa ndipo benki hawakuambii, kadi ya gold ya ada ndogo yafanya kazi hiyo hiyo. Bima ya safari nayo ni nzuri kwa wanaokwenda Ulaya, visa ya Schengen yataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 na baadhi ya kadi hizi zakupa cheti, lakini soma masharti, mara nyingi lazima tiketi yenyewe uwe umeilipia kwa kadi hiyo.

Kuna la riba, na kwetu huku huwezi kulipita. Ami yangu hataki hata kuiona mezani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikaa Riyadh mwaka 2000 likasema kadi ya mkopo yenye sharti la riba haijuzu, hata kama nia yako ni kulipa ndani ya muda wa bure. Wapo wanaosema ukilipa kwa wakati hakuna tatizo, na mabishano hayo hayaishi baada ya Isha. Ukitaka utulivu nenda benki za kiislamu, uliza ada yao ni ya kudumu ama yapanda na deni. Na hata ukiacha dini kando, yangu ni asilimia 3.5 kwa mwezi, deni la 100,000 ni 3,500 kila mwezi, na ukitoa keshi kwa ATM riba yaanza siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo mimi nimewaambia wanishushe kwa gold. Kwanza walipokea vizuri, kisha wakanitolea ofa ya nusu ada nibaki, kwa hivyo kama wataka kubaki nayo piga simu kabla hujalipa kitu, bei ile si ya msahafu. Kama wataka kuifunga, andika barua kabla ada mpya haijakatwa, komboa pointi zako kwanza manake ikifungwa zimekwenda, na udai barua ya kwamba huna deni, la sivyo deni dogo lililosahaulika laweza kukua likakufuata mpaka CRB, wale wanaoweka rekodi za wadaiwa.